Owney, mbwa aliyependa watu wa posta

Katika nchi ambazo barua hufika hadi mlangoni, ugomvi wa mbwa na mpeleka barua ni kichekesho kisichochuja. Wengi wetu hatujaushuhudia. Barua zetu huishia kwenye sanduku la posta mjini, zikimsubiri mwenye ufunguo, na hata baada ya Tanzania kupigia namba nyumba zake katika operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mbwa wa mtaani kwangu anamjua zaidi bodaboda anayeleta chipsi.

Chanzo cha ugomvi huo ni rahisi kukielewa ukijiweka upande wa mbwa. Mtu anakuja getini, mbwa anabweka, mtu anaondoka. Angeondoka tu, maana ana nyumba nyingine chungu nzima za kupitia, lakini mbwa atalijuaje hilo? Kwa hesabu zake, amemfukuza. Kesho mtu yuleyule anarudi, tena saa ileile, anafukuzwa upya. Nani ataacha kazi anayoshinda kila siku?

Ajabu ni kwamba urafiki nao hujengwa kwa mambo hayohayo: saa ileile, harufu ileile, hatua zilezile. Pengine tofauti ni biskuti moja mfukoni, au mwenye nyumba aliyetoka siku ya kwanza kuwatambulisha. Mbwa wa namna hiyo huwa dirishani kabla gari la posta halijakata kona, na Jumapili, siku ambayo Marekani hawasambazi barua za kawaida, husubiri bure.

Lakini hakuna aliyewapenda watu wa posta kumshinda Owney. Mnamo 1888 chotara huyu wa teria alianza kuonekana katika posta ya Albany, jimbo la New York. Inaaminika alikuja na karani mmoja wa hapo. Karani akahama, mbwa akabaki, akilala juu ya mifuko ya barua. Mifuko ikipakiwa kwenye mkokoteni, naye yumo. Ikihamishiwa kwenye treni, yumo.

Makarani wa posta ya reli walichambua barua treni ikiwa mwendoni, ndani ya mabehewa ya mbao yaliyofungwa karibu na injini. Treni zikigongana, wao walikuwa wa kwanza kuumia. Ilipovuma kwamba treni anayopanda Owney haipati ajali, nani tena angethubutu kumshusha? Kila alikofika walimtundikia kibati au medali, hadi kola ikaelemewa, na John Wanamaker, Mkuu wa Posta wa Marekani, akaagiza apatiwe kikoti cha kuvibebea. Agosti 1895 alipanda meli bandarini Tacoma, akapitia Japani na China, akavuka Mfereji wa Suez, na kabla mwaka haujaisha akawa amerudi Tacoma.

Binafsi nadhani hakumpenda mtu fulani. Alipenda mfuko na harufu yake, na yeyote aliyeubeba alipata fungu lake la mapenzi hayo. Husimuliwa kwamba mfuko mmoja ulidondoka njiani, na makarani waliporudi kuutafuta walimkuta Owney kaulalia. Huenda kisa kimetiwa chumvi, ila kinamfanana.

Juni 1897, mjini Toledo, Ohio, akiwa mzee na afya imedorora, alimng'ata mtumishi wa posta. Masimulizi ya tukio lenyewe yanapishana. Wapo wasemao alikuwa amefungwa mnyororo, jambo ambalo mbwa aliyezunguka dunia hakulizoea. Tarehe 11 alipigwa risasi. Makarani walikataa azikwe. Walichangishana fedha, ngozi yake ikakaushwa na kujazwa, na mwaka 1911 akapelekwa Taasisi ya Smithsonian. Leo anatazamwa katika Makumbusho ya Taifa ya Posta, Washington, akiwa amevaa medali zake.

Julai 2011 Shirika la Posta la Marekani lilimtolea stempu. Mwaka 2024 shirika hilohilo lilitangaza hesabu yake ya kila mwaka: wafanyakazi wake zaidi ya 5,800 walikuwa wameshambuliwa na mbwa mwaka uliotangulia.