Sumu Yenye Leseni: Kwa Nini Serikali Huruhusu Sigara?

Kila mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha anaposoma bajeti Bungeni, watu wengi hutega sikio kusikia ushuru wa bia na sigara. Ukipanda, wavutaji hulalamika siku mbili tatu, kisha maisha huendelea. Lakini mama mwenye kufikiri hubaki na swali. Pakiti yenyewe imeandikwa kwamba kuvuta sigara ni hatari kwa afya. Mwenye bangi hukamatwa na polisi, na mwenye sigara hupewa leseni ya biashara. Kwa nini?

Jibu lake si gumu, ila linauma.

Mfalme na jani alilolichukia

Jambo hili si la leo. Mwaka 1604 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliandika kijitabu cha kuilaani tumbaku. Akaipandishia ushuru mara nyingi kuliko ule wa zamani, ili watu wake waiache. Hawakuiacha. Miaka michache baadaye koloni lake la Virginia, kule Amerika, lilistawi kwa kilimo cha tumbaku, na fedha zikaanza kuingia katika hazina ya mfalme yuleyule. Tangu hapo serikali nyingi zimefuata njia hiyo: kinywa kinakemea, mkono unapokea.

Fedha inakotoka

Tuangalie kwetu Tanzania. Tumbaku hulimwa Tabora, Urambo, Kaliua, Chunya na kwingineko. Sehemu kubwa huuzwa nchi za nje na kuleta fedha za kigeni. Maelfu ya familia huitegemea kwa ada za shule na bati za nyumba. Hakuna mbunge wa sehemu hizo atakayesimama kwa urahisi na kusema zao hili life.

Kiwanda cha sigara cha Dar es Salaam kilitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kwa miaka mingi serikali yenyewe ilikuwa mtengenezaji wa sigara. Mwaka 1995 iliuza sehemu kubwa ya hisa kwa kampuni ya Kimarekani, na mwaka 1999 hisa hizo zikaingia mikononi mwa kampuni ya Japan Tobacco. Cha kushangaza ni kwamba sheria ya Japani inaitaka serikali ya nchi hiyo imiliki zaidi ya theluthi moja ya hisa za kampuni hiyo. Na China, kampuni kubwa kuliko zote duniani kwa utengenezaji wa sigara ni mali ya serikali. Hivyo anayetegemewa kumlinda mnunuzi mara nyingine ndiye mwenye duka.

Zaidi ya hayo, ushuru wa sigara ni rahisi kukusanya. Si sawa na kumfuata kila mwenye genge sokoni. Unadai katika viwanda vichache na bandarini. Na kwa kuwa nikotini humfunga mtu, mnunuzi wa leo ni mnunuzi wa kesho. Bei ikipanda kidogo, wengi watapunguza mboga ya nyumbani kabla ya kupunguza sigara.

Hesabu isiyosomwa Bungeni

Ushuru huingia leo, lakini ugonjwa huja baada ya miaka 20 au 30. Waziri aliyepokea fedha hatakuwepo ofisini wakati mvutaji anapokohoa damu. Tena fedha huingia katika mfuko mmoja ambao wote wanauona, na hasara hutawanyika katika nyumba zetu.

Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuwa wavutaji. Walivuta moshi wa wengine. Hapa ndipo jambo linapotuhusu akina mama. Katika nchi zetu wanawake wanaovuta ni wachache, lakini moshi wa bwana hauchagui pua. Mama mjamzito anayeuvuta yumo katika hatari ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Watoto wadogo hupata pumu na homa ya mapafu. Na baba akiugua, nani huuza shamba ili ampeleke Ocean Road? Nani humwogesha na kukesha naye? Kazi hiyo haiandikwi katika bajeti yoyote.

Huko mashambani pia kuna gharama. Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni, na misitu ya miombo imekwisha sehemu nyingi. Mama wa Urambo huenda mbali zaidi kutafuta kuni za kupikia. Wanaochuma majani yaliyolowa, watoto wakiwemo, huingiwa na nikotini kupitia ngozi, wakaona kizunguzungu na kutapika.

Mwaka 2001 kampuni ya Philip Morris ilijikuta aibuni. Ilikuwa imeagiza uchunguzi katika Jamhuri ya Cheki, na ripoti ikadai kwamba serikali hupata faida, kwa kuwa wavutaji hufa mapema na hivyo hawali pensheni wala hawatunzwi uzeeni. Watu walikasirika na kampuni ikaomba radhi. Lakini ripoti ile ilitufunulia mwisho wa hesabu inayopima fedha pasipo kumpima mtu.

Je, ipigwe marufuku?

Wengine husema, “Ifungwe kabisa!” Afrika Kusini ilijaribu mwaka 2020 wakati wa corona. Kwa karibu miezi mitano uuzaji wa sigara ulikatazwa, lakini wengi waliendelea kuzipata kwa magendo, kwa bei ya juu. Aliyekwisha kufungwa na nikotini hafunguliwi kwa amri ya siku moja.

Hata hivyo serikali inaweza kufanya mengi. Shirika la Afya Duniani linashauri kodi ifikie angalau asilimia 75 ya bei ya pakiti, maana bei ikipanda kwa kiasi kikubwa, vijana wengi hawaanzi. Nchi zetu bado ziko mbali na kiwango hicho. Tanzania ina sheria ya tumbaku tangu mwaka 2003, na Kenya tangu mwaka 2007. Zote zinakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18. Na wakulima wanaweza kusaidiwa: huko Migori, Kenya, baadhi yao wameacha tumbaku na kulima maharage yenye madini mengi ya chuma, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Hayo hulisha watoto na kuuzwa pia.

Mama, anzia hapa

Usimtume mtoto dukani kununua sigara, hata baba akiagiza. Mwombe bwana, kwa upole na wakati mzuri, avutie nje, mbali na watoto na mjamzito. Usimdhihaki akishindwa kuacha. Ni kifungo, na mfungwa huombewa na kusaidiwa. Mpeleke kwa daktari au mganga wa zahanati kwa ushauri. Mwenye duka jirani akiwauzia watoto sigara moja moja, akina mama wa mtaa mwendeeni pamoja, kisha mwoneni mwenyekiti wa mtaa. Na wagombea wakija kuomba kura, waulizeni: katika fedha za sigara, ni kiasi gani kinarudi hospitalini?

Mathayo sura ya 27 inatueleza habari za fedha alizozitupa Yuda. Hata makuhani wale, waliokuwa wamemnunua Bwana wetu, walisita kuzitia katika hazina kwa sababu zilikuwa bei ya uhai wa mtu. Wakanunulia shamba la kuzikia wageni. Ikiwa wao walisita, basi si dhambi kwetu kuwaombea wakubwa wetu wasite pia, na kuwadai kwamba fedha hii itumike kuokoa maisha kabla ya mazishi.