«Huyu kijana hasikii»: pengine si ukaidi

Tunawajua vijana hawa. Nyumbani, kukiwa kimya, wanasikia vizuri. Lakini sokoni, ao kwenye baa karibu na bafle, kila mara ni: «Umesema nini?» Wakienda kwa munganga, kipimo kinaonyesha masikio ni mazima. Basi sisi tunasema: huyu hasikii tu, ni mukaidi.

Lakini kipimo kile kinafanywa ndani ya chumba kimya. Mutu anasikiliza milio midogo, mumoja mumoja. Hakuna anayemuuliza kama anashika maneno katikati ya makelele.

Mwaka 2009, kule Boston, Marekani, Sharon Kujawa na Charles Liberman walitia panya kwenye kelele ya desibeli 100 kwa saa 2. Baada ya majuma 2 panya walisikia tena kama zamani. Lakini ndani ya sikio, pahali pengine, karibu nusu ya viungio kati ya seli za kusikia na neva vilikuwa vimekatika, wala havikurudi. Kwa watu, uchunguzi ungali unaendelea.

Tusingoje basi. OMS inashauri: desibeli 80, isipite saa 40 kwa juma, desibeli 100, dakika 20 tu. Mupunguze sauti ya ekuteri, mukae mbali na bafle. Na mbele ya munganga museme wazi: «Kwenye makelele sishiki maneno.» Kuko kipimo cha maneno ndani ya kelele, mukiulizie.