Damu Kwenye Brosi: Tutunze Ufizi Wetu

Wamama wapendwa, siku ya kupima watoto tunawauliza habari ya homa, ya kuhara, ya kunyonyesha. Habari ya kinywa tunaisahau. Lakini wamama wengi wa hapa Lubumbashi wanasema hivi: "Kama ninasugua meno, damu inatoka. Basi nimeacha kusugua mpaka ipone." Mama, hapo tunapotea njia. Ile damu haisemi "acha". Inasema "safisha muzuri zaidi".

DAMU INATOKA JUU YA NINI?

Ufizi ni ile nyama inayoshika meno. Ufizi muzima unakaza jino na hautoki damu. Kama rangi yake iko nyeusi tangu utoto, hiyo si ugonjwa.

Kila siku uchafu laini unabaki pale jino na ufizi vinapokutana. Ndani yake mna mikrobi nyingi. Ukiuondoa kila siku, hauleti neno. Ukiuacha, ufizi unavimba na kutoka damu. Ukikaa zaidi, unakuwa mugumu kama jiwe, na brosi haiwezi tena kuutoa: ni kazi ya munganga wa meno. Kisha ufizi unaachana na jino, mufupa wa chini unalika, jino linatikisika, mwisho linaanguka. Na ubaya ni huu: mara nyingi hakuna maumivu. Mutu anangoja kuumwa, kumbe mufupa unaendelea kulika.

Mwaka 1965 wanganga wa Denmark walijaribu jambo hili. Watu 12 wenye ufizi muzima waliacha kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21, wote walikuwa na ufizi wa kuvimba. Walipoanza tena kusafisha, ulipona karibu juma moja. Basi ugonjwa ukiwa mupya, dawa yake ni kusafisha.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

1. Safisha meno mara mbili kila siku: asubui, na usiku mbele ya kulala. Ya usiku usiikose.
2. Tumia brosi laini na dawa ya meno yenye floridi. Elekeza brosi pale ufizi unapoanza, sugua pole pole, inje na ndani, dakika mbili. Usisugue kwa nguvu. Makala na muchanga vinakwaruza meno, tuviache.
3. Kama brosi hakuna, tafuna ncha ya kijiti safi mpaka iwe laini, usugue nayo. Kijiti ni bora kuliko kukosa.
4. Kila mutu na brosi yake. Nywele zake zikilala, ni wakati wa kuibadilisha.
5. Mutoto akiota jino la kwanza, lisafishe na kitambaa safi ao brosi ndogo. Dawa ya meno iwe kama punje ya mupunga. Kisha miaka 3, kama punje ya muhindi. Umusaidie mpaka miaka 7 hivi.
6. Punguza bombo na chai ya sukari nyingi. Sombe, lengalenga, maharagi, maembe na mapapai vinasaidia mwili kupigana na ugonjwa.

MAMA MWENYE MIMBA

Wakati wa mimba ufizi unavimba upesi zaidi. Wengine wanasema mutoto anakula meno ya mama. Si kweli. Mutoto hakamati kitu kwenye meno yako. Endelea kusafisha, na uonyeshe kinywa chako siku ya kipimo.

MUTOTO ALIYETOKA KWENYE SURUA

Hapa musikie muzuri. Tunakumbuka surua, ile tunaita rujole: kati ya 2019 na mwanzo wa 2020 iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo yetu. Mutoto aliyekonda, ao aliyetoka kwenye surua, anaweza kupata ugonjwa unaoitwa noma. Unaanza na ufizi wa kutoka damu na harufu mubaya. Kwa siku chache tu shavu linavimba, nyama inaoza, tundu linafunguka. Bila matunzo, watoto wengi wanakufa, na wanaopona wanabaki na kovu kubwa usoni.

Noma haiambukizi, na si uchawi. Ikikamatwa mapema, dawa za kuua mikrobi, kusafisha kinywa na chakula kizuri vinaisimamisha. Kwa hiyo, mutoto mugonjwa akitoka damu kwenye ufizi na kinywa kikinuka, usingoje kesho. Umulete hospitali siku ile ile. Na chanjo ya surua ya miezi 9 musiikose.

Mama, leo usiku, mbele ya kulala, chukua taa. Inua mudomo wa kila mutoto, angalia ufizi wake. Kisha angalia wako.