Daftari la Chama Lisipotee

Ndugu wanachama, zamani daftari la michango lilikaa kabatini, ufunguo kwa mweka hazina. Siku hizi limo ndani ya kompyuta. Diski ikiharibika, mwenzetu anayedai haki yake atakosa ushahidi kwamba alilipa ada.

Ofisini kwetu tulikuwa tukinakili mafaili kwa kuyaburuta kwa kipanya. Umeme ulipokatika kazi haijaisha, hatukujua lipi limefika na lipi limebaki. Sasa tunatumia Robocopy, programu ya kunakili ambayo imo ndani ya Windows tangu toleo la Vista, hainunuliwi. Amri huandikwa hivi:

robocopy D:\Michango E:\Akiba /E /Z /R:3 /W:5

Kwanza hutajwa mafaili yalipo, kisha yanakokwenda. /E huchukua folda zote za ndani. /Z huliwezesha faili lililokatizwa kuendelea lilipoishia. /R:3 na /W:5 huagiza kujaribu tena mara 3, kila baada ya sekunde 5. Usipoziandika, itajaribu mara 1,000,000, kila baada ya sekunde 30! Ukirudia amri, faili lisilobadilika huachwa.

Jihadharini na /MIR. Hiyo hufuta kule yanakokwenda kila kisichokuwamo yanakotoka. Ukigeuza njia kimakosa, diski tupu itafuta daftari zima. Anza kwa kuongeza /L: itaorodhesha tu, bila kugusa kitu.

Tufanye hivyo kila Ijumaa, na diski ikalale jengo jingine. Akiba haiozi.