Tairi la pikapu inayovuta tela: Soma ubavuni kabla ya kulipa

Na Mwandishi Wetu, Ikungi

WAHENGA walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Hawakusema apewe yeyote aliye karibu, wala anayetoza ujira mdogo. Walimtaja yule ambaye bega lake lilijulikana kuuweza mzigo. Laiti wenye pikapu zinazovuta matela wangeukumbuka usemi huo wanapoingia dukani kununua matairi, baadhi ya misiba ya barabarani ingeepukika.

Wilaya ya Ikungi, iliyomegwa kutoka iliyokuwa Singida Vijijini, iko kwenye barabara kuu ya lami itokayo Manyoni kwenda Singida mjini. Ni nchi ya alizeti, mtama na vitunguu, na pia ya wachimbaji wa dhahabu. Ni nchi kame, hivyo maji nayo ni shehena. Mizigo hiyo yote ina safari za aina mbili: vumbi, mchanga na miiba kutoka shambani au machimboni, kisha lami yenye joto kali na mwendo wa kasi. Tairi linaloponea hatari za njia ya kwanza linaweza kushindwa katika ya pili.

Kwa mfanyabiashara wa mjini anayemiliki pikapu ya kazi, au anayeikodi kufuata mazao vijijini, swali la tairi gani linunuliwe si la fundi peke yake. Tairi la nyuma likipasuka huku tela limejaa, tela huweza kuyumba na kulivuta gari lote nje ya barabara. Wanaokuwa juu ya magunia hawana mkanda wala cha kushika.

Tela huongeza uzito kiasi gani?

Wengi hudhani kwamba uzito wa tela hubebwa na matairi ya tela peke yake. Sivyo. Tela la ekseli moja likipangwa vizuri, mkono wake hukandamiza ndoano ya pikapu kwa takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake wote.

Tuchukue mfano wa maji, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi: lita moja ni kilo moja. Tangi la lita 1,500 likipakiwa juu ya tela lenye uzito wa kilo 500, jumla ni kilo 2,000. Mkono utakandamiza ndoano kwa kilo 200 hivi.

Lakini ndoano haiko juu ya ekseli. Iko nyuma yake. Hapo hutokea jambo lile lile la benchi linalonyanyuka upande mmoja mtu anapokaa mwishoni mwa upande wa pili. Ikiwa ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na ekseli mbili za pikapu zimeachana kwa mita 3, ekseli ya nyuma itaongezewa kilo 280, na ya mbele itapunguziwa kilo 80.

Sasa tuseme pikapu hiyo, ikiwa na mizigo yake kwenye bodi, tayari ilikuwa na kilo 1,600 juu ya ekseli ya nyuma. Kila tairi lilibeba kilo 800. Baada ya kufunga tela, ekseli hiyo ina kilo 1,880, na kila tairi linabeba kilo 940. Hapo ndipo ubavu wa tairi unapopaswa kusomwa.

Namba inayosema ukweli

Ubavuni mwa kila tairi, baada ya maandishi ya ukubwa kama 265/70R16, hufuata namba ya uwezo wa mzigo pamoja na herufi ya mwendo. Namba hiyo si kilo zenyewe, bali ni alama inayosomwa katika jedwali la kimataifa. Namba 104 maana yake ni kilo 900 kwa tairi moja. Namba 108 ni kilo 1,000, namba 110 ni kilo 1,060, 112 ni kilo 1,120 na 121 ni kilo 1,450.

Turudi kwenye mfano wetu. Tairi la namba 104 lilitosha kabla ya tela, kwani lilikuwa na akiba ya kilo 100. Tela lilipofungwa, likazidiwa kwa kilo 40. Hakuna kilichoonekana kwa macho: gari limeondoka, tairi halikulia, dereva hakuhisi kitu. Tairi la namba 110 lingebeba mzigo huo huo na kubaki na akiba ya kilo 120. Akiba hiyo si anasa, kwa sababu kwenye kona au shimo uzito huegemea tairi moja zaidi ya jingine.

Zikiandikwa namba mbili zenye mkwaju katikati, kama 121/118, ya kwanza ni ya tairi likifungwa moja kila upande, na ya pili ni ya matairi yakifungwa mawili mawili. Pikapu nyingi hapa nchini zina tairi moja kila upande, hivyo namba ya kusomwa ni ya kwanza.

Hapa ndipo mnunuzi hupotezwa bila hata kudanganywa. Matairi mawili yenye ukubwa ule ule wa 265/70R16 yanaweza kuwa na uwezo tofauti kabisa. Moja, lililotengenezwa kwa magari ya abiria, linaweza kuwa na namba 112. Jingine, lenye herufi LT mwanzoni kuonyesha kuwa ni la magari ya mizigo, linaweza kuwa na namba 121. Tofauti yake ni kilo 330 kwa kila tairi. Yote mawili yataingia kwenye rimu, na kwa mbali yatafanana. Anayeuliza ukubwa na bei tu anaweza kuondoka na lile dhaifu.

Kuhusu herufi ya mwendo, Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170 na S ni 180. Kwa anayevuta tela herufi hizo zote zinatosha. Asiache namba kubwa ya mzigo kwa kufuata herufi ya mwendo wa mbio.

Umri wa tairi

Zamani nchi yetu ilikuwa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre cha Arusha, ambacho kilisimamisha uzalishaji kabla ya mwaka 2010. Soko likaachiwa matairi ya kutoka nje, ambayo hukaa katika meli, bandarini na maghalani kabla ya kufika kwenye duka la Singida au Manyoni. Kwa hiyo tairi jipya si lazima liwe changa.

Tarehe ya kutengenezwa ipo ubavuni, mara nyingi mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Ni tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zisipoonekana, zitafutwe upande wa pili, kwani matairi mengi huandikwa tarehe upande mmoja tu.

Mpira huzeeka hata usipotembea. Jua na joto huukausha na kuupasua nyufa ndogo. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likifikisha miaka kumi tangu litengenezwe, hata kama kashata zake bado ni nene. Ushauri huo unalihusu pia tairi la akiba.

La kuepukwa kabisa ni tairi kipara lililochongwa kwa kisu ili lionekane jipya. Kuchonga hakuongezi mpira. Kunapunguza ule mchache uliobaki juu ya nyuzi.

Kashata na ukubwa

Tairi la kashata kubwa za matope huvutia macho, na wakati wa masika katika udongo mweusi wa mbugani lina kazi yake. Lakini kwenye lami hupiga kelele, huisha haraka na hushika kidogo zaidi barabara ikiwa na maji. Tairi laini la lami nalo hushindwa mchangani. Kwa pikapu inayogawa safari zake kati ya shamba na barabara kuu, tairi la matumizi mchanganyiko lenye ubavu mnene ndilo linalofaa zaidi. Kipimo ni kujiuliza kilomita nyingi za mwaka zinaishia wapi.

Tairi kubwa kuliko la kiwandani nalo lina gharama yake. Kipenyo kikiongezeka kwa asilimia 5, nguvu ya kuvuta inayofika barabarani hupungua kwa kiasi kama hicho, na saa ya mwendo ikionyesha 80 gari huwa linakwenda 84. Anayevuta tela anahitaji nguvu hiyo kuliko urefu wa gari.

Matairi yanunuliwe mawili mawili kwa ekseli moja, ya aina na ukubwa mmoja. Kama fedha zinatosha jozi moja tu, jozi mpya ifungwe nyuma, kwa kuwa nyuma ya gari ikiteleza ni vigumu zaidi kuirudisha.

Upepo ndio unaobeba

Namba ya uwezo ni ahadi yenye sharti, nalo ni upepo wa kutosha. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kupita kiasi kila linapozunguka, kujikunja huko huzaa joto, na joto huachanisha mpira na nyuzi.

Wapo madereva ambao ikifika saa sita mchana husimama na kupunguza upepo, wakiogopa kwamba tairi lililopata moto litapasuka. Nia yao ni njema lakini matokeo ni kinyume. Upepo kupanda kwa paundi 4 hadi 6 tairi likipata moto ni jambo la kawaida, na tairi limetengenezwa kulistahimili. Ukipunguzwa, tairi huzidi kujikunja na kupata joto kubwa zaidi ya lile lililoogopwa.

Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa la baridi. Kiasi kinachotakiwa huandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva au katika kitabu cha gari, na mara nyingi huwa kuna kiwango cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Mwenye kubadili kutoka tairi la abiria kwenda LT aulize kiwango kinacholifaa, kwani LT huhitaji upepo mwingi zaidi ili kubeba mzigo wake. Kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni kisivukwe.

Mwisho, tela lisisahauliwe. Ni kawaida matairi yaliyochakaa kwenye pikapu kuhamishiwa kwenye tela, kana kwamba ni mahali pa kustaafia. Katika mfano wetu, matairi hayo mawili yanabeba kilo 1,800, yaani 900 kila moja, karibu sawa na yale ya pikapu. Nayo yasomwe namba, yasomwe tarehe, yapimwe upepo.

Kazi yote hii haichukui hata nusu saa dukani: kuuliza namba ya mzigo, kutafuta tarakimu nne za tarehe, kulinganisha na hesabu ya shehena. Muuzaji mwema hatachukia kuulizwa. Akichukia, maduka ni mengi. Lakini aliyeketi juu ya magunia ana maisha mamoja tu.