Je, Wajua? Mtaa Unaweza Kugawanyika Bila Wakazi Wake Kutaka

Mwaka 1971 mwanauchumi wa Marekani, Thomas Schelling, alichapisha modeli ambayo mtu yeyote anaweza kuijaribu mezani kwa sarafu na karatasi yenye miraba. Sarafu za aina mbili, zinazosimama badala ya makundi mawili ya wakazi wa mtaa, hutawanywa ovyoovyo, na miraba michache huachwa wazi. Sarafu ikiona kwamba majirani wa aina yake hawafiki theluthi moja ya majirani wake wote, huhamia mraba ulio wazi utakaoiridhisha. Sharti hilo ni jepesi, kwani kila sarafu iko radhi kuwa miongoni mwa wachache. Lakini kila inayohama huwapunguzia idadi wenzake iliowaacha, nao huhama kwa zamu yao. Mwishowe aina hizo mbili hujikuta zimetengana waziwazi.

Wapo watakaopinga, tena kwa haki, kwamba sarafu si watu, na kwamba miji ya Marekani ilitenganishwa na sheria, mikataba ya nyumba na benki zilizowanyima Weusi mikopo. Ni kweli, na modeli hii haimsafishi yeyote aliyehusika. Inachoonyesha ni kwamba ramani ya mji uliogawanyika, peke yake, haitoshi kutuambia nia za wakazi wake. Fundisho lake kwa watunga sera ni zito: kufuta sheria za ubaguzi ni lazima, ila hakutoshi, maana upendeleo mdogo wa kila mmoja unaweza kuudumisha utengano ambao sheria iliuanzisha.