"Shimo limekula watu": tusome namna gani?

Kuna neno moja ambalo kila familia ya mchimbaji, toka Uvira mpaka Baraka, inalijua: "shimo limekula watu." Mama aliye Mulongwe analisikia kwa simu toka Misisi, anaketi chini, hana la kuuliza tena. Mwanasheria analikuta ndani ya barua, anaandika "éboulement". Mchungaji anasikia damu na shetani. Maneno ni matatu tu, lakini kila mmoja anatoka na habari yake. Kwa sisi wa sendika hii si michezo ya watu wa université, juu kufuatana na namna neno lile linasomwa, mjane anapata kitu ama hapati, na mara nyingine mtu asiye na kosa anapigwa kwa kusema yeye ndiye aliyetoa watu sadaka ili dhahabu ionekane.

Wenzetu wa Katanga walipita njia hii mbele yetu, na walitupatia maandishi. Mwaka 1965, kule Elisabethville (Lubumbashi ya leo), chama cha watu waliofanya kazi ya boyi katika nyumba za wazungu kilitoa historia ya mji wao. Aliyeiandika ni André Yav. Jina aliipa la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani ni Kiswahili, kile cha kartye na cha kazi, si cha shule. Mle muna mwanzo wa mji, muna kampani, muna mabwana na majina ambayo watumishi waliwapachika. Tena muna batumbula.

Vijana watauliza batumbula ni nani. Wazee walisema ni watu weusi waliotumwa na wazungu kukamata wenzao usiku. Aliyekamatwa haonekani tena: wazungu wamemla. Pwani ya Kenya na Tanzania habari ya namna hii iliitwa mumiani, Kampala na Nairobi wakasema wazimamoto, na huko ilikuwa zaidi habari ya kunyonywa damu.

Sasa maneno kama hayo utayasoma namna gani? Serikali ya wakoloni iliyasoma kama uongo wa watu wasiosoma, basi, faili imefungwa. Mwaka 1975 mwandishi Rik Ceyssens aliandika juu ya mutumbula na akasema ni hadithi ya mtu aliyeonewa. Masomo ya namna hiyo tunayapenda sisi watu wa sendika, tuseme ukweli. Kampani inakula nguvu za mfanyakazi, kwa hiyo mfanyakazi anasema mzungu anakula watu. Inaingia vizuri sana katika hotuba ya Mei mosi. Lakini iko na uvivu ndani yake. Kama kila hadithi maana yake ni "tunaonewa", kuna haja gani ya kuisikiliza mpaka mwisho? Utaijua mbele haijasemwa.

Mwanamke mmoja wa Marekani, Luise White, mwanahistoria, alitoa kitabu mwaka 2000 juu ya hadithi hizi katika Afrika ya mashariki na ya kati, na maandishi ya Yav yamo. Yeye hakusimama kwenye swali la kweli ama uongo. Aliangalia vitu vilivyo ndani ya hadithi: magari, vifaa, mashimo, saa za usiku, na nani analipwa. Akaona kwamba wale wakamataji katika midomo ya watu ni wafanyakazi kama sisi: wako na bwana, wako na mshahara, wako na siri ya kazi. Watu walipozungumza juu ya wanyonya damu, walikuwa wanazungumza juu ya kazi. Mtu wa mine analielewa hilo bila kufundishwa.

Tukumbuke pia wakati wenyewe. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, askari wakafyatua risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, akauawa pamoja na wengine wengi. Sendika za watu weusi hazikuruhusiwa Kongo mpaka 1946. Mahali ambapo mfanyakazi hana pa kupeleka malalamiko, malalamiko yatatembea usiku, kwa miguu ya hadithi.

Kuna msomaji mwingine tena, Johannes Fabian, aliyetoa maandishi ya Yav katika kitabu mwaka 1990. Alikuta maandishi yenye maneno yaliyoshikana, nukta hakuna, huwezi kujua sentensi inaanzia wapi. Profesa mwingine angechukua kalamu nyekundu. Fabian alimwomba Kalundi Mango, mtu anayekijua Kiswahili kile toka nyumbani, ayasome kwa sauti. Sauti ndiyo ikaonyesha maneno yanakatika wapi. Kumbe maandishi hayakuwa mabovu, yalikuwa yanangoja mdomo.

Hili la mwisho ndilo tulilolichukua sisi kwa barua zetu. Barua inayotoka shimoni mara nyingi inaandikwa na kijana mmoja usiku, wengine wakimwambia maneno. Ikifika ofisini inageuzwa Kifaransa mara moja. Tuliona barua moja hivyo. Ya Kiswahili ilisema shimo limekula watu wanne, miti ya kushikilia udongo haikuwapo, motopompi ilikuwa imepelekwa kwa shimo lingine, na PDG alisema mwenye kuogopa arudi kwao. Ya Kifaransa ilisema: ajali, wanne wamekufa. Miti haimo. Motopompi haimo. PDG hayumo.

Siku hizi barua inasomwa kwanza kwa sauti mbele ya waliokuwa shimoni na mama twangaises, wale wanaotwanga mawe, kwa sababu wao wanajua nani alishuka saa ngapi. Msomaji akipita juu ya neno, wanamrudisha. "Limekula" tunaiacha ilivyo. Chini yake tunaandika: lilikula kwa sababu gani, saa ngapi, kwa amri ya nani. Anayegeuza Kifaransa anaketi pale pale na kusikiliza, hata kama inachukua asubuhi nzima.